Njia ya Kimya

Siku niliyoongeza dawa ya mdogo wangu bila kumwambia, nilikuwa kazini, juu ya kisima cha mvuke namba nne, mvua ya Rungwe ikinipiga kwenye kofia ya chuma. Bangili ikatetema mkononi. Sikuhitaji kuangalia ni nani. Bangili ile ilikuwa na kazi moja tu duniani, na kazi hiyo ilikuwa Lugano.

Nilifunga vali, nikaingia kibandani, nikajifuta maji usoni, nikasoma.

"Ndugu Subilaga, Mshika Ufunguo wa Pili. Mwangalizi amebaini mabadiliko kwa mgonjwa wako. Maneno anayosema kwa siku yamepungua kwa asilimia arobaini na nne. Usingizi umeongezeka kwa saa tatu. Matamshi yamekuwa mazito. Hatua anazotembea zimepungua kwa nusu. Uwezekano wa ugonjwa kurudi ndani ya siku kumi na nne: asilimia sabini na moja. Inashauriwa dozi iongezwe kwa robo. Utamshirikisha mgonjwa, au utatumia Njia ya Kimya?"

Chini yake palikuwa na vitufe viwili. Cha kumshirikisha kilikuwa cha kijivu. Cha kimya kilikuwa cha kijani.

Lugano ana skizofrenia. Ilimwanza akiwa chuoni, na miaka ishirini na miwili. Sasa ana thelathini na sita. Kwa miaka tisa dawa yake haijakaa kwenye chupa. Inakaa ndani ya mkono wake wa kushoto, chini ya ngozi, kwenye kipandikizi chembamba ambacho watu wote wanakiita punje. Punje inatoa dawa kidogo kidogo kutwa kucha. Kila wiki inahesabu chembe nyeupe za damu, kwa sababu dawa ile inaweza kuzishusha mtu akabaki hana kinga. Kila miezi mitatu Sista Atuganile wa zahanati anaijaza kwa sindano. Mtambo unaoitwa Mwangalizi unafuatilia mwenendo wake usiku na mchana, na ndio unaoniandikia kwenye bangili. Kubadili dozi kunataka funguo mbili: kidole gumba cha mgonjwa, na bangili ya ndugu aliyemchagua mwenyewe. Sheria ilianza hivyo. Baadaye wakaongeza Njia ya Kimya kwa ajili ya dharura, na haikuchukua miaka mingi kila niliyemfahamu mwenye bangili akawa ameitumia. Fundi mwenzangu mmoja, mwenye mke mgonjwa, aliwahi kuniambia ni sawa na kumfunika mtu blanketi akiwa amelala.

Mimi sikuwa nimeitumia hata mara moja. Nilikuwa na sababu.

Zamani, kabla ya punje, marehemu mama alikuwa akisaga vidonge vya Lugano na kuvitia kwenye uji wake. Alifanya hivyo kwa sababu mtoto wake alikuwa amegoma kumeza na yeye alikuwa amechoka kubembeleza. Siku moja Lugano alimaliza uji, akaona unga mweupe umeganda chini ya bakuli. Hakupiga kelele. Aliliosha bakuli, akalirudisha kabatini, na tangu siku hiyo hakula tena chakula cha nyumba yetu. Miezi miwili alikula ndizi alizochuma mwenyewe, akazimenya mwenyewe, akazichoma mwenyewe. Kisha asubuhi moja akamwambia mama, "Leo ndiyo siku yenyewe," akatoka. Tulimtafuta mlimani siku tatu. Tulimkuta upande wa pili, hana viatu, visigino vimepasuka, anajibizana na mtu ambaye sisi hatukumwona. Nilimbeba mgongoni mpaka walipotufikia watu wenye machela. Lugano ni mrefu kuliko mimi, lakini siku ile nilimbeba kama mtoto.

Kwa hiyo nilipokuwa kibandani na bangili yangu, nilikuwa na mambo mawili kichwani, na yote mawili yalikuwa kweli. Lile bakuli lilisema usimfiche. Ule mlima ulisema usichelewe.

Na mambo yenyewe niliyaona kwa macho yangu, sikuambiwa na Mwangalizi. Tunaishi wawili kwenye nyumba ya wazazi. Mimi niliolewa, ndoa ikavunjika, nikarudi. Kwa wiki tatu Lugano alikuwa akilala mpaka jua linapanda. Ulimi ulikuwa mzito. Mto wake asubuhi ulikuwa umelowa udenda. Nikiingia chumbani kwake ghafla, alikuwa anasukuma kitu mfukoni. Na kila jioni, saa ile aliyozoea kwenda nyuma ya choo kuvuta sigara zake za magendo, bado alikwenda, lakini akasimama tu, mikono mitupu, akiangalia migomba, kisha akarudi. Nilijiambia, mdogo wangu hata kiberiti kimemshinda kuwasha.

Ningemwuliza, angeogopa. Akiogopa, atakimbia. Ndivyo nilivyojidanganya, na nilijidanganya kwa upendo kama mama yangu.

Nilibonyeza kijani.

"Asante," bangili ikaandika. "Dozi mpya itaanza leo saa kumi na mbili jioni. Mgonjwa hatajulishwa kwa siku saba."

* * *

Sikuweza kuendelea na kazi. Niliomba ruhusa, nikateremka kwa miguu hadi kiwanda cha chai, mwendo wa nusu saa kutoka visimani. Mvuke wetu ndio unaokausha majani yao, kwa hiyo walinzi wananijua.

Lugano ni mwonjaji wa chai. Kuna mashine pale ukutani, wanaiita ulimi, inayoweza kupima kikombe kimoja cha chai kwa mambo mia mbili kabla hujapiga chafya. Lakini wanunuzi wa mbali bado wanataka boksi lenye jina la mtu aliyeinywa akaikubali, na kwa miaka sita jina lililo kwenye maboksi mazuri ya Rungwe ni la mdogo wangu.

Bi Kissa, mkuu wa chumba cha kuonja, alinipokea mlangoni akanivuta pembeni.

"Afadhali umekuja mwenyewe, Subi. Jana kapitisha chai iliyoungua. Imeungua hasa, mimi niliisikia harufu nikiwa hapa hapa mlangoni. Nimeirudisha bila kumwambia mtu. Lakini sitaweza kila siku."

"Yeye anasemaje?"

"Anasema ulimi wake ni kama kalamba chaki. Halafu anatabasamu, basi unakosa hata la kumwambia."

Lugano alikuwa amesimama mbele ya safu ndefu ya vikombe vyeupe, koti jeupe, leso kubwa imefungwa shingoni kama ya mtoto anayeota meno. Alivuta funda kwa kishindo, akalizungusha mdomoni, akalitema kwenye ndoo. Kisha akasimama pale, amefumba macho, muda mrefu kupita kawaida. Niliogopa kwamba amelala wima.

"Lugano."

Alifumbua macho, uso ukamchanua. "Dada! Kisima kimelipuka?"

"Hakuna kilicholipuka. Nimekukumbuka tu."

"Saa nane mchana, siku ya kazi?" Maneno yalitoka polepole, yakigongana. "Bi Kissa, dada yangu anaumwa. Nipe ruhusa nimpeleke nyumbani."

Bi Kissa akacheka bila furaha, akampa ruhusa.

Njia ya kwetu inapanda. Siku nyingine Lugano huipanda akiimba. Siku hiyo tulipumzika mara tatu. Mara ya tatu alipoinuka kutoka kwenye jiwe, aliyumba, nikamdaka kiunoni kwa mikono miwili.

"Dunia imeinama kidogo," alisema.

"Imeinama au wewe umeinama?"

"Tumeinama wote. Dada, unanishika kama mkungu wa ndizi. Niachie, siozi."

Nilimwachia mkono mmoja. Tulikwenda hivyo hatua kadhaa, nikasema, kwa sauti niliyoitaka iwe ya kawaida, "Kuna kitu unanificha."

"Kipo." Alifuta kidevu kwa leso. "Tukifika nyumbani nitakuambia. Leo ndiyo siku yenyewe."

Nilihisi baridi mpaka kwenye meno. Nilimwangalia miguuni. Alikuwa amevaa viatu.

* * *

Nyumbani alinikalisha kwenye kiti cha baba, akaingia chumbani, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imechakaa kwa kukaa mfukoni. Aliinyoosha mezani mbele yangu kwa viganja vyote viwili. Ilikuwa imejaa vijiti vya kalamu, vitano vitano, kama watoto wanavyohesabu shuleni.

"Hesabu," akasema.

Nilihesabu. Vilikuwa arobaini.

"Nimeacha sigara, dada."

Nilivihesabu tena vile vijiti.

"Mara saba nilikuambia nimeacha, na mara saba ulinikuta nyuma ya choo. Umenibembeleza tangu tulipomzika mama. Nikasema safari hii sifungui mdomo mpaka zitimie arobaini. Kila jioni nakwenda palepale, nasimama, natafuna tangawizi, narudi." Alitoa kipande cha tangawizi kikavu mfukoni, akanionyesha kama ushahidi mahakamani. "Kuna siku nilitamani kula hata majani ya mgomba. Lakini zimetimia. Sasa mbona unalia? Nimekuletea zawadi, sikukuletea msiba."

Nililia kwa sababu mchana nilimwona kama mgonjwa anayeficha ugonjwa, kumbe alikuwa anaficha zawadi. Nilimshika uso, nikambusu paji la uso, nikamshukuru kwa lugha yetu ya nyumbani, *ndaga fijo, ndaga fijo*, kisha nikasema naenda nje mara moja.

Nilisimama kibarazani nikampigia Sista Atuganile. Nilitaka tu aniambie namna ya kurudisha dozi pale ilipokuwa. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika thelathini na tano.

Nilimweleza yote, na sikujipamba. Alinisikiliza mpaka niliposema neno sigara.

"Subiri. Lugano anavuta sigara?"

"Alikuwa anavuta. Ameacha. Leo siku ya arobaini."

"Fomu yake inasema havuti. Fomu ya siku tulipompandikiza."

"Niliijaza mimi, Sista."

Miaka ile tumbaku ilikuwa ndiyo kwanza imepigwa marufuku. Mtu akionekana kwenye mtambo wa zahanati kwamba anavuta, barua ilikuwa inamfikia mwajiri wake. Lugano alikuwa ametoka kupata kazi kiwandani. Nikaandika *havuti*, nikaona nimemtendea wema.

Sista alivuta pumzi ndefu. "Sikiliza vizuri. Moshi wa tumbaku unalifanya ini liichome dawa hii upesi. Tulimpandishia dozi mwaka ule, tukapandisha tena, nikawa nashangaa kijana mwembamba vile anatumia dawa ya watu wawili. Kumbe nusu ilikuwa inateketea. Sasa moshi haupo, na dawa yote inabaki kwenye damu. Usingizi, udenda, ulimi mzito, kuyumba: huo siyo ugonjwa unaorudi, Subi. Mdogo wako amelewa dawa."

"Lakini punje ina vipimo. Na Mwangalizi..."

"Punje inajua inachotoa. Haijui kinachobaki. Na Mwangalizi anajua watu wakinyamaza na kulala sana ni dalili, basi. Hakuna aliyemwambia habari ya sigara, si ndiyo? Sitisha hiyo dozi sasa hivi. Ikiingia juu ya iliyopo anaweza kuanguka kifafa. Mimi nachukua pikipiki, nakuja."

Niligusa bangili. Nilitafuta mahali pa kusitisha, nikapaona.

"Kusitisha agizo la Njia ya Kimya kunahitaji funguo zote mbili," ikaandika. "Tafadhali weka kidole gumba cha mgonjwa."

Niliisoma mara mbili. Kuongeza, nilitosha peke yangu. Kuondoa, ilibidi niwe naye. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tisa.

Nakiri kwamba nilifikiri kumdanganya tena. Ningemwambia bangili inataka kidole kwa ajili ya ukaguzi wa mwezi. Asingeuliza. Miaka tisa hakuwahi kuuliza, kwa kuwa ni mimi. Nilisimama na wazo hilo pale kibarazani kwa muda ambao sijivunii, mpaka nikamsikia ndani akiimba kwa ulimi wake mzito, akipanga vikombe kwa ajili ya chai yetu sote wawili.

Niliingia.

"Lugano, kaa."

"Nimekaa siku nzima leo."

"Kaa, mdogo wangu." Akakaa. Nilipiga magoti mbele yake ili asilazimike kuinua macho kunitazama. "Leo mchana bangili iliniambia ugonjwa unarudi. Nikaamini. Nimeongeza dawa yako bila kukuambia. Inaanza saa kumi na mbili. Na nilikosea, dawa imeshazidi tayari, Sista anasema inaweza kukuangusha. Nahitaji kidole chako ili niisimamishe."

Aliniangalia. Nilitamani akasirike upesi, aseme kitu, anitukane hata. Aliniangalia jinsi anavyoangalia chai, muda mrefu, bila kuharakisha.

"Kama uji," alisema.

"Ndiyo. Kama uji."

Aliinua mkono, akaweka kidole gumba juu ya bangili yangu. Taa ikawaka nyeupe. *Agizo limesitishwa.* Ilikuwa saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili.

Kisha akasimama, akiegemea ukuta, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Vikombe viwili vilibaki mezani, na mimi nimepiga magoti.

* * *

Sista Atuganile alifika na koti la mvua na kasha la vipimo begani. Ni mama mnene, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na aligonga mlango wa Lugano kwa kidole kimoja tu.

"Baba, ni mimi. Nataka tone la damu, siombi zaidi."

Alifungua. Sista alimpima akiwa amekaa kitandani, mimi nimesimama kizingitini kama mgeni. Kasha lilichukua dakika sita.

"Dawa hii kwenye damu tunataka isizidi mia sita," Sista alisema, akiugeuza uso wa kasha ili Lugano asome mwenyewe. "Yako ni elfu moja na mia mbili. Chembe nyeupe ziko salama, tumshukuru Mungu. Choo unapata?"

"Sista!"

"Nauliza kwa sababu dawa hii ikizidi inafunga tumbo, na tumbo linaua watu wakati sisi tunaangalia kichwa. Choo?"

"Kwa shida," alisema Lugano, akiangalia sakafu.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Umeona? Hilo nalo hakuna aliyelisema." Alinigeukia mimi, kisha akamgeukia yeye. "Nyinyi wawili mnapendana mpaka mnataka kuuana. Mmoja anaficha sigara, mwingine anaficha fomu, halafu anayeficha sigara anaficha hata kuacha. Kuacha sigara ni jambo zuri kuliko yote niliyoyasikia mwaka huu. Lakini ungenipigia simu siku ya kwanza, tungeteremsha dozi taratibu huku wewe unatafuna tangawizi yako."

Lugano alikuwa akijisugua mkono wa kushoto, pale punje ilipo. "Kwa hiyo kilichokuwa kinaniumiza ni dawa."

"Kilichokuwa kinakuumiza ni dozi."

"Itoe, Sista. Itoe yote. Nimechoka kuwa na kitu mkononi ambacho watu wanakizungusha nikiwa kazini."

Nilifungua mdomo, na Sista, bila hata kuniangalia, akainua kiganja kuninyamazisha.

"Naweza kuitoa," alimwambia. "Mkono ni wako, na sheria inaniruhusu. Lakini nitakuambia ninachokijua, kisha utaamua wewe. Dawa hii ikikatwa ghafla, ugonjwa unarudi kwa nguvu kuliko ulivyoondoka. Siyo kwamba *huenda*. Nimewaona. Ni dawa ileile iliyokuwezesha kujua chai ya mteremko huu na ya mteremko ule. Tukishusha robo wiki hii, tukapima, tukashusha tena kidogo, tukapima, usingizi utakuacha na ulimi utarudi. Ndivyo inavyotumika kwa usalama. Hakuna uchawi zaidi ya kupima na kuambiana ukweli. Nipe wiki sita. Baada ya hapo ukiniambia itoe, tutakaa tupange namna ya kuitoa polepole."

Nje mvua ilikuwa imekatika, maji yakidondoka kutoka kwenye bati.

"Robo," Lugano alisema hatimaye.

"Robo," Sista akakubali.

Lugano aliweka kidole gumba juu ya kasha. Kisha Sista akanyoosha mkono kwangu, nikasogea na bangili yangu, na nilipoigusisha hapo, Lugano aligeuza uso ukutani.

* * *

Siku kumi na mbili alinisalimia asubuhi na jioni, kwa adabu, kama unavyomsalimia jirani. Alipika chakula chake mwenyewe. Nilikuwa namsikia akimenya ndizi jikoni, nami nakaa sebuleni nikiwa na miaka ishirini na saba tena, nikimsikiliza mama akilia.

Lakini kadiri dawa ilivyoteremka, nyumba ilibadilika. Siku ya nne aliamka kabla yangu. Siku ya saba nilimsikia akitembea kibarazani, hatua nzito na za haraka, kama zamani. Siku ya kumi Bi Kissa alinipigia simu kuniambia tu kwamba Lugano amekataa chai ya kikapu kizima, amesema waliochuma walikuwa wamechanganya na majani ya jana, na yeye Bi Kissa alipokwenda kuuliza ikawa kweli.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa ya kipimo cha pili. Alisimama mlangoni amevaa shati la kanisani.

"Twende zahanati," alisema. "Kuna karatasi nataka uisome."

Kipimo kilitoka mia tisa na kidogo. Sista alifurahi, akateremsha tena, hatua ndogo. Kisha akaniwekea mbele karatasi.

"Lugano ana haki ya kubadilisha mshika ufunguo," alisema. "Amekuja hapa juzi kuniuliza taratibu zake."

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa. Bi Kissa angefaa, ni mtu mwema. Niliichukua karatasi ili nione jina.

Jina lilikuwa langu.

"Soma chini," Lugano alisema.

Chini iliandikwa kwamba mshika ufunguo, kwa hiari yake, anaiacha Njia ya Kimya, na kwamba akishaiacha hairudishwi, hata kwa dharura.

"Mimi siwezi kuifuta," alisema. "Nimeuliza. Mgonjwa hana uwezo huo. Ni wewe peke yako."

Sasa ndipo nilipoielewa bei yenyewe. Ningesaini, na siku moja mlima ukamwita tena, nisingekuwa na kitufe. Ningebaki na mdomo tu, na mdomo ulishawahi kumshinda mama.

"Naogopa, Lugano," nilisema. "Sitakudanganya. Siku ugonjwa ukirudi nisiweze kukufikia kwa maneno, nitafanya nini?"

"Nimeliwaza hilo." Akatoa karatasi ya pili, ameiandika kwa mkono wake, herufi zimenyooka, hazitetemeki. Ilisema: *Siku nikiacha kula na watu, au nikitoka bila viatu, au nikisema simjui dada yangu, nipelekeni kwa Sista Atuganile hata nikikataa, hata nikipiga kelele. Nimeandika haya nikiwa na akili yangu timamu. Lugano.* "Sista ana nakala, Bi Kissa ana nakala. Hii yako. Kama ni kunishika, nishikeni mchana, watu wakiona, na mimi nikijua kwamba mwenyewe niliwaruhusu. Lakini mkononi mwangu asiingize mtu kitu nisichokijua. Hata wewe. Hasa wewe, kwa sababu wewe siwezi kukuacha."

Sista alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Nilisaini. Jina langu halikutoka vizuri, ikabidi niliandike tena pembeni. Bangili ikatoa mlio mfupi, na kitufe cha kijani kikapotea.

Tuliondoka pamoja. Njia ilikuwa na matope, yeye akatangulia akinichagulia pa kukanyaga. Hakuyumba. Nilitembea nyuma yake nikitafuta namna ya kuanza, mwisho nikauliza tu.

"Lugano, bado unasikia sauti?"

Alipunguza mwendo mpaka tukawa sambamba.

"Moja. Ya mwanamke. Siku nyingi inakuwa mbali, kama redio ya jirani. Haijawahi kuondoka kabisa."

"Miaka yote tisa?"

"Miaka yote."

Nilisimama katikati ya njia. Nilidhani zilikwisha. Niliwaambia watu zimekwisha. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, dada," alisema kwa upole, bila lawama. "Ulikuwa unaiuliza bangili."

Tulianza kutembea tena. Akanipa mkono tuvuke kijito, nikaushika, na tulipovuka sikuuachia.

"Inasemaje?" nikauliza.

Akaanza kunieleza. Tulifika nyumbani hajamaliza.